Kasha la Mabomba Nyumbani kwa Lahja

Turku, 14 Septemba 1986

Mpwa wangu Sirkku,

Hata kabla ya salamu: kosa wanalolifanya watu wengi ni kudhani kwamba bomba likifunikwa linapata joto. Sivyo. Katika nyumba ya mbao kama yenu, bomba linaishi kwa joto la chumba. Ukilijengea kasha na kuliziba pande zote, umelitenga na chumba na kuliacha peke yake na ukuta wa nje. Nilifundisha jambo hili chuo cha ufundi mpaka nilipostaafu, na bado kila majira ya baridi alikuwepo mwanafunzi wangu wa zamani aliyepasukiwa na bomba nyumbani kwake mwenyewe.

Sasa salamu. Mimi mzima. Masikio ndiyo yanazidi kugoma, ndiyo maana nilikukatiza kwenye simu na kukuomba uandike. Kwenye simu napata sauti, maneno yananipita. Tangu mke wangu Kerttu afariki, napika supu ya samaki sufuria nzima na kuila mpaka niichukie. Mtufaha wa uani umezaa kupita kiasi na sina wa kumgawia. Mama yako hajambo? Ulimtaja kwa kifupi sana.

Unasema mabomba ya bafuni na ya chumba cha kufulia yanakukera, unataka kuyaficha. Njia ya kwanza ni rangi. Bomba lililopakwa rangi ya ukuta, jicho linalipita bila kusimama. Usiidharau. Bafuni, nyuma ya sinki, jenga kijiukuta kinachofika kiunoni. Juu yake utapata mahali pa kuweka sabuni. Usitoboe sakafu hata kwa skrubu moja, maji yatapita hapo.

Chumba cha kufulia ni kazi nyingine. Pale mabomba yanatoka kwenye boila la kuchemshia maji na kupanda ukuta wa kaskazini, ambao ndio wenye baridi kuliko zote. Kasha liwe la mbao za msonobari. Acha upenyo wa vidole viwili chini na mwingine juu, hewa ya chumba izunguke. Mbele liwe na mlango wa bawaba, usipigilie ubao. Koki ya kufungia maji ya nyumba nzima iko hapo, na mkono lazima uifikie.

Lakini mabomba hayo yapo tangu marehemu baba yako alipoyafunga. Kwa nini yaanze kukera sasa? Kama ni sura tu, subiri theluji iyeyuke.

Mjomba wako,
Tauno


Kemijärvi, 28 Septemba 1986

Mjomba, shikamoo.

Huku majani yameshapukutika na asubuhi madimbwi yana ngozi ya barafu. Viazi tumechimba, vingi vidogo. Bado napika shuleni. Watoto wamekataa supu ya njegere mwaka huu, wanasema inafanana na rangi ya kuta za darasa.

Siwezi kusubiri theluji iyeyuke. Si sura. Mama ameungua.

Anaamka kabla yangu, anaingia chumba cha kufulia, na analishika lile bomba la moto linalotoka kwenye boila. Analishika kwa mikono yote miwili kama mtu aliyeshika kamba. Nilimkuta hivyo wiki iliyopita. Nikamwambia, "Mama, achia, unaungua." Akanijibu kwa upole kabisa, "Subiri, msichana, mikono bado baridi." Ananiita msichana siku hizi, kama mtu wa kuajiriwa. Huku ananong'ona majina: Heluna, Omena, Ruusu. Halafu anaanza tena, Heluna, Omena. Nilimbandua vidole kimoja kimoja.

Tuovi, muuguzi wa halmashauri, anakuja kufunga vidonda. Ni mtu mwema, lakini amenikalisha chini. "Sirkku, nisikilize vizuri. Akiungua tena nitalazimika kuandika, na nikiandika watamhamishia nyumba ya wazee. Halitakuwa chaguo langu wala lako."

Unamjua Mama. Nyumba hii aliijenga na Baba, anaijua kwa miguu hata gizani. Ukimtoa humu hatabaki na kitu. Kwa hiyo niambie kasha linajengwaje, na niambie haraka.

Sikukuambia kwenye simu kwa sababu alikuwa amekaa karibu nami.

Sirkku


Turku, 5 Oktoba 1986

Mpwa wangu,

Nashukuru kwa kuniambia. Hapa mvua tu. Nimeipeleka baiskeli ghalani.

Ngoja nikueleze unachokiona asubuhi. Utotoni kwetu, bibi yako hakumruhusu mtu kumgusa ng'ombe kwa mikono ya baridi. Ng'ombe akishikwa na mkono wa baridi hubana maziwa, au hukupiga teke. Zizini kulikuwa na bomba lililotoka kwenye pipa la kuchemshia maji, na kila mkamuaji alilishika kwanza. Lilikuwa na moto wa kuuma. Ili asilishike mno wala asiliachie mapema, mama yako, dada yangu Lahja, alitaja majina ya ng'ombe kwa jinsi walivyosimama: Heluna, Omena, Ruusu, Muurikki, Kielo. Akifika Kielo anaachia na kwenda kukamua. Mimi nilikuwa naachia kwenye Ruusu, na alinicheka kwa hilo. "Tauno ana mikono ya mchungaji wa kanisa," alikuwa akisema.

Kwa hiyo hajui kuwa anajiumiza. Anangoja zamu ya Kielo na haifiki, kwa sababu jina limempotea. Jaribu hivi: ukimkuta, usimvute. Simama kando yake, mtajie majina yaliyobaki mpaka la mwisho.

Nimeambatanisha mchoro wa kasha, umetazamwa mbele na ubavuni. Pamba ya kuzuia baridi iwe kati ya bomba na ukuta wa nje tu, isiwe kati ya bomba na chumba. Watu huigeuza na kudhani wamelivisha bomba koti, kumbe wamelifungia mlango nje.

Punguza moto wa boila. Mkono wa mtu mzima uweze kulivumilia bomba.

Tauno


Kemijärvi, 2 Novemba 1986

Mjomba, shikamoo.

Theluji imekaa sasa, haitaondoka. Jumamosi niliwasha sauna, Mama akakaa ngazi ya chini akitabasamu kwenye mvuke, na kwa muda ule alikuwa Mama.

Majina yalifanya kazi. Nisingeamini. Nilisema "Muurikki, Kielo," akaachia bomba, akanitazama na kusema, "Haya, chukua ndoo." Nilikaa sakafuni nikalia kwa furaha. Ilikuwa hivyo kwa muda. Juzi niliposema Kielo, alinijibu, "Kielo alichinjwa, msichana. Nani amekudanganya?" Hakuachia.

Ngozi ya kiganja cha kulia imetoka. Nimemfunga mwenyewe, Tuovi hajaona. Boila nimelipunguza, lakini bomba lile linatoka moja kwa moja kwenye tangi na bado linauma.

Nimemwonyesha Oiva wa jirani michoro yako. Aliigeuza juu chini, akauliza, "Huyu mjomba wako anafundisha kwa posta?" Nikamwambia ulikuwa mwalimu. Akasema, "Naona. Mtu wa kazi angechora mstari mmoja na kuja na msumeno." Usikasirike, ni mtu wa kupasua magogo, maneno yake ndivyo yalivyo. Amekubali kunisaidia akimaliza kuni zake.

Mjomba, huwezi kuja? Ungekaa chumba cha juu, nimekitandika. Wewe kasha hilo ungelimaliza upesi, tena lingekuwa sawasawa. Na yeye anakutaja. Hajui mimi ni nani, lakini jana alisema, "Tauno ataleta chumvi ya ng'ombe." Nimeomba mikono, umeniletea michoro.

Nisamehe. Nimechoka.

Sirkku


Turku, 12 Novemba 1986

Mpwa wangu Sirkku,

Umefanya vizuri kuwasha sauna. Endelea nayo, ila mlango wa jiko la mawe uwe na kizuizi.

Mwambie Oiva kwamba michoro niliichora mistari mingi ili yeye asihitaji kufikiri. Atacheka, halafu ataisoma.

Kuhusu safari, treni ni ndefu na masikio yangu hayasikii vituo vikitangazwa. Tutaona siku zikirefuka.

Nimechora upya mlango wa kasha. Ukiogopa atafungua, weka kitasa cha kuzungusha juu kabisa, mahali asipoangalia. Wazee wengi hawatazami juu ya kichwa. Lakini usiufunge kwa skrubu. Na ule upenyo wa chini na wa juu, narudia, vidole viwili. Huku kusini mtu anaweza kukosea na kusamehewa. Kwenu huko hapana.

Tauno


Kemijärvi, 21 Desemba 1986

Mjomba, shikamoo, na heri ya Krismasi.

Asante kwa soksi za sufu. Mama hazivui. Tumeweka mshumaa kaburini kwa Baba, upepo ukauzima, Oiva akauwasha tena kwa kiberiti chake cha petroli. Uji wa mchele wa Krismasi nimeshaupika mapema ili aule kabla hajachoka. Ile lozi moja inayofichwa ndani ya uji kwa bahati ilimwangukia yeye. Aliitoa mdomoni, akaitazama, akaifunga ndani ya kitambaa. "Ya Tauno," alisema. Ninayo hapa mezani.

Kasha limekwisha. Limepakwa rangi nyeupe, linapendeza, ungesema ni kabati la mashuka. Bafuni pia tumejenga kile kijiukuta, na sabuni inakaa juu yake kama ulivyosema. Tuovi alipoliona aligonga mbao kwa kidole akasema, "Sasa nalala usingizi." Amesema karatasi zake zitabaki ndani ya mkoba.

Mama hajaungua tena. Anasimama mbele ya kasha asubuhi na kulipapasa, halafu naja namrudisha kitandani.

Kwa hiyo tumeshinda, Mjomba. Nataka uijue habari hiyo kwa Krismasi.

Sirkku


Turku, 4 Januari 1987

Mpwa wangu,

Heri ya mwaka mpya. Nimefurahi, nimefurahi sana. Lozi itunze.

Hujaniambia kuhusu upenyo. Mlinipimia vidole viwili? Redio inasema baridi kali inashuka kutoka mashariki na itaanzia kwenu. Mpaka ipite, acha mlango wa kasha wazi, na acha bomba la jikoni lichuruzike uzi mwembamba wa maji. Kama Mama yako yuko macho, kaa naye humo chumbani.

Nijibu hata kwa kadi.

Tauno


Turku, 18 Januari 1987

Sirkku,

Hapa bahari imeganda mpaka visiwani. Sijapata barua. Nilipiga simu, ikaita tu. Au ilipokewa na sikusikia. Niambie kuhusu upenyo, juu na chini.

Tauno


Kemijärvi, 8 Februari 1987

Mjomba,

Salamu sina. Nitakueleza kwa mpangilio, kama unavyopenda.

Upenyo ulikuwepo. Oiva aliuacha wote, tena alipima kwa vidole vyake mwenyewe ambavyo ni vinene kuliko vyako. Kabla ya Krismasi Mama aligundua kwamba joto linatoka kwenye ule wa chini. Akawa anapiga magoti na kuingiza vidole humo. Ubao ulimchuna mpaka kucha zikatoka damu, na bado aliingiza. Nikajiambia, Tuovi akiona damu hiyo, mambo yamekwisha. Nikaziba chini kwa matambara na kupigilia ubao mwembamba. Kisha akahamia juu, akapanda kiti. Nikaziba juu. Kisha akakipata kitasa, maana huyu si kama wazee wako wengine, anatazama juu. Nikaufunga mlango kwa skrubu. Yote hayo yalikuwa yameshafanyika nilipokuandikia kwamba tumeshinda. Ulipouliza nilijua jibu, ndiyo maana sikuandika.

Baridi ilifika nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri. Bomba la maji baridi liliganda ndani ya kasha, nadhani, maana jikoni maji yalikatika. Tukawa tunachota kwa Oiva. Nilikuwa najua kufungua zile skrubu. Kila nilipochukua bisibisi, alikuwa amesimama pale pale akingoja.

Kisha baridi ikalegea. Ilikuwa siku nzuri, jua lilionekana juu ya msitu kwa mara ya kwanza mwaka huu. Nilikwenda kazini nikiwa na moyo mwepesi. Barafu ikayeyuka ndani ya bomba lililokwisha kupasuka.

Niliporudi, maji yalikuwa yamefika sebuleni. Mama alikuwa amesimama mbele ya kasha, maji juu ya vifundo vya miguu, akiwa amevaa soksi zako. Mikono yake ilikuwa juu ya mbao. Midomo ya bluu. Nikataka kufunga koki, na koki ilikuwa ndani. Nilikimbia kwa Oiva nikiwa na kiatu kimoja. Alikuja na shoka akalivunja kasha kwa mapigo machache, akafunga maji, akakaa juu ya mashine ya kufulia akihema. "Lilikuwa kasha zuri," alisema. Hajanitania tangu siku hiyo.

Tukiwa ndani ya gari la wagonjwa nilimuuliza, "Mama, kwa nini hukutoka?" Akaniambia, "Nilikuwa nangoja mtu afungue."

Alishikwa na homa ya mapafu. Amepona. Hakurudi nyumbani, sakafu imeng'olewa, na hata isingeng'olewa, Tuovi aliandika. Alilia alipokuwa akiandika. Mama yuko nyumba ya wazee, chumba kimoja na bibi mwingine asiyesema. Kuna usafi, kuna kahawa na mikate ya iliki saa nane. Mabomba yote yamefichwa ndani ya kuta, hakuna hata moja linaloonekana. Kutwa nzima anatembea kwenye ukumbi akipapasa ukuta kwa viganja, kutoka mlango huu hadi ule. Wamemvisha glavu kwa sababu anachubua rangi. Majina hayataji tena. Jana alinishika mkono, akaukuta wa baridi, akausukuma.

Uliniuliza mara nyingi kuhusu upenyo. Nami nakuuliza mara moja: kwa nini hukuja?

Sirkku


Turku, 15 Februari 1987

Mpwa wangu Sirkku,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nimeisoma nikiwa nimekaa.

Nakala za michoro yangu zinabaki kwangu, ni tabia ya kazi. Nimezitandaza mezani leo. Kasha limetazamwa mbele, limetazamwa ubavuni, upenyo umewekewa vipimo, hata kichwa cha skrubu kimechorwa. Hakuna mtu ndani yake. Michoro ya ufundi haina watu, ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo nilivyofundisha. Nilijua kuliko mtu yeyote aliye hai kwamba Lahja angelitafuta lile joto popote litakapotokea, nami nikakuchorea mahali litakapotokea, tena usawa wa magoti. Nikakusisitizia upana wake. Usijibebeshe peke yako kuziba tundu nililolifungua mimi.

Swali lako nimelianza kulijibu mara kadhaa. Sentensi inafika katikati na kusimama. Treni ya kwenda kaskazini inaondoka hapa kila jioni, na kila jioni nimekaa jikoni. Niliposoma kwamba anamngoja Tauno na chumvi, nilimwona huyo Tauno anayengojwa naye. Ni kijana wa zizini, hana mvi. Zaidi ya hapo siwezi kuandika.

Sakafu, usiwaruhusu waifunge upya kabla haijakauka kabisa. Chini ya mbao unyevu hukaa muda mrefu kuliko mafundi wanavyokubali. Mabomba yakirudishwa, yaache wazi ukutani, yapakwe rangi tu. Najua hakuna tena wa kuyashika.

Na sasa jambo ninaloliweza kulieleza. Mama yako hatafuti bomba. Anatafuta mikono yake ipate moto ili kazi ianze. Wauguzi hawajui hilo. Wanaona mtu anayechubua rangi. Waambie. Glavu hazina joto lao, zinatunza tu kilichokuwepo, na yeye hana. Usimwambie Mama yako kwamba wazo limetoka kwangu.

Leo hii, ukimaliza kusoma, chukua chupa ya mpira ya kukandia, ijaze maji ya vuguvugu, ijaribu kwanza shavuni mwako, ivalishe soksi ya sufu, nenda umvue zile glavu, na umwekee chupa mikononi.